Kwenda Cape Town Pride ukitokea Nairobi: panga kwanza siku ya kurudi

Wanaorejea Nairobi kutoka Cape Town Pride, tamasha la kila mwaka la mashoga, wasagaji na wenzao huko Afrika Kusini, husimulia mambo mawili. La kwanza husemwa kwa sauti, tena kwa kicheko: askari wa trafiki kasimamisha magari ili wanaume wawili walioshikana mikono wavuke. La pili hunong'onwa wiki mbili baadaye: picha imemfikia binamu, au namba ngeni imetuma meseji ikidai elfu ishirini "ama mzee wako aone". Hapo ndipo safari nyingi huharibika, na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo ambacho kingemalizwa kwa dakika kumi kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo maelezo haya yanafuata safari tangu mwanzo, lakini jicho liko kwenye siku ya kurudi.

Kwa nini Cape Town? Anza na hesabu ya viza. Amsterdam na Berlin zina sherehe kubwa zaidi, ila anayeomba viza ya Schengen hulipa euro 90 tangu Juni 2024, huanika taarifa zake za benki, na akinyimwa, pesa hazirudi. Afrika Kusini iliwaondolea Wakenya viza ya utalii kuanzia tarehe 1 Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka.

Halafu kuna sheria. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuandika ndani ya katiba kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Katazo hilo liko katika kifungu cha 9 cha katiba ya 1996. Tangu mwisho wa 2006 watu wa jinsia moja wanaoana huko kisheria. Kwetu, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinatishia hadi miaka 14 jela na cha 165 hadi miaka 5, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hapa wengi huchanganya. Vifungu hivyo vinahusu tendo. Kutembea kwenye gwaride la Cape Town si kosa la jinai Kenya, na kuwa kuchu, yaani shoga, msagaji au mwenzao, si kosa. Anayekutisha hutegemea usijue hivyo.

Inafaa pia kujua gwaride lenyewe lilikoanzia. La kwanza Afrika Kusini lilifanyika Johannesburg, tarehe 13 Oktoba 1990, ubaguzi wa rangi ukiwa bado haujazikwa. Miongoni mwa walioliandaa walikuwa wanaharakati Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Baadhi ya walioandamana walivaa mifuko ya karatasi kichwani, matundu mawili ya macho, ili bosi na mama mzazi wasiwatambue. Anayetoka Nairobi leo bado anauhitaji mfuko huo, ila siku hizi hauvaliwi kichwani. Unavalishwa simu.

Sasa kazi. Tamasha la Cape Town huchukua siku kadhaa kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, na gwaride huwa Jumamosi. Usinunue tiketi kwa kukisia tarehe za mwaka uliopita. Subiri waandaaji watangaze, kisha nunua siku hiyo hiyo. Huo ni msimu wa joto huko, na hoteli zimejaa Wazungu waliokimbia baridi. Ukitaka kuongeza siku za kupumzika, ziongeze kabla ya gwaride. Machi kuna mashindano makubwa ya baiskeli, Cape Town Cycle Tour, na bei za vyumba hupaa tena.

Kitovu cha mambo ni De Waterkant na Green Point, mitaa miwili inayopakana chini ya kilima cha Signal Hill. Kulala hapo ni ghali lakini unarudi chumbani kwa miguu, na usiku jambo hilo lina thamani yake. Sea Point iko jirani, na mara nyingi utapata chumba cha nafuu kidogo. Observatory, mtaa wa wanafunzi, ni nafuu zaidi, lakini utalipia teksi kila usiku, na siku tano za teksi mara nyingine humeza ile tofauti yote. Piga hesabu ya vyote viwili kwa pamoja, chumba na usafiri, ndipo uamue.

Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550 tangu bei zilipopandishwa 2024. Unaomba kupitia eCitizen, kisha unapeleka karatasi na alama za vidole Nyayo House. Anza miezi mitatu kabla. Kama unayo tayari, hakikisha itakuwa hai angalau siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka Afrika Kusini na ina kurasa mbili tupu.

Kinachowaangusha wengi kaunta ya JKIA ni kadi ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo Afrika Kusini hudai cheti cha chanjo, nacho huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, cheti chako bado ni karatasi tu, na shirika la ndege lina haki ya kukuacha. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha, kwa hiyo kama ulisafiri miaka ya nyuma, kitafute kabla ya kulipia kingine. Hii ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Anayeishi na HIV amwambie daktari kwanza. Kinga ikiwa chini huenda asichanjwe, na badala yake aandikiwe barua rasmi ya msamaha.

Ndege ya moja kwa moja ni takriban saa tano na nusu hadi sita. Za kupitia Johannesburg mara nyingine huwa nafuu, ila zina mtego: unaingia nchini hapo hapo Johannesburg, unagongewa muhuri, unachukua begi lako kwenye mkanda, unalipeleka tena kaunta ya safari za ndani. Begi haliendi lenyewe hata kama lebo imeandikwa Cape Town. Usikubali muda wa kubadilisha ndege ulio chini ya saa tatu.

Pesa. Miaka ya karibuni rand moja imekuwa ikicheza kati ya shilingi 7 na 8, kwa hiyo zidisha kwa nane kila unachokiona na utaacha kushangaa. Kutazama gwaride kando ya barabara ni bure; kinacholipiwa ni sherehe za baadaye, na tiketi zake hupanda kadiri siku zinavyokaribia. M-Pesa ya kutuma kwa namba haitakusaidia dukani Cape Town, ingawa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inalipia vitu vya mtandaoni kama chumba na tiketi. Beba kadi halisi ya benki, na ikiwezekana mbili zilizowekwa sehemu tofauti. Hoteli nyingi hushikilia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi kama dhamana na kukiachilia siku kadhaa baada ya kuondoka. Mtu aliyepanga kwa kubana hujikuta Alhamisi hana kitu, na pesa zake mwenyewe zimefungwa hotelini. Weka akiba ya siku mbili ambayo huigusi.

Kosa jingine ni kuchomoa laini ya Safaricom uwanjani ili kuweka ya huko. Benki inapotuma namba ya siri ya mara moja, inaituma kwenye laini hiyo, na kadi yako inageuka kipande cha plastiki. Washa romingi ukiwa bado Nairobi, acha laini ya Kenya ndani kwa ajili ya meseji, na tumia intaneti ya laini ya pili. Kusajili laini Afrika Kusini kunahitaji pasipoti na anwani ya unapolala, kwa hiyo uwe na uthibitisho wa hoteli mkononi.

Na nyumbani utawaambia nini? Hapa watu hujichimbia shimo. Uongo wenye maelezo mengi, semina ya siku tano, mwaliko wa kanisa la huko, mwenzako wa kazini aliyeolewa Cape Town, unadai matunzo. Shangazi atauliza mhubiri alikuwa nani. "Naenda Cape Town wiki moja, nimechoka, nataka kuona bahari nyingine" ni kweli tupu na haina cha kufuatilia. Kisha uwe na picha za kuonyesha: mlima, pengwini wa Boulders, kisiwa cha Robben. Zipige siku ya kwanza, kabla uchovu haujakushika. Mtu mmoja Nairobi, mmoja tu unayemwamini, awe na nakala ya pasipoti yako, namba ya ndege na anwani ya chumba.

Sasa simu, ambayo ndiyo safari yenyewe. Siku mbili kabla, kaa chini na chai na upitie haya bila haraka. Picha zako zinajinakili wapi? Simu nyingi hupandisha kila picha kwenye akaunti ya Google, na akaunti hiyo huenda iko wazi kwenye kompyuta ya nyumbani, tabuleti ya mdogo wako au televisheni ya sebuleni. Imeshatokea picha za gwaride zikaanza kupishana kwenye televisheni watu wakiwa mezani. Zima unakilishaji huo, au fungua akaunti mpya ya safari tu. Kwenye WhatsApp, chagua kwa majina wanaoona stetasi yako, badala ya kutegemea kumbukumbu yako ukiwa na glasi tatu. Facebook ina sehemu ya kukagua unapotajwa na wengine kabla haijaonekana kwenye ukurasa wako, iwashe. TikTok na Instagram zizuie zisisome orodha ya namba zako, maana ndizo humpendekezea mjomba akaunti yako ya siri. Zima kamera isiandike mahali picha ilipopigwa. Mwisho, weka namba ya siri ya tarakimu sita badala ya alama ya kidole peke yake, kwa sababu kidole cha mtu aliyelala hufungua simu.

Uwanja wa ndege ukiulizwa unaenda kufanya nini, jibu ni utalii. Ni kweli. Vijana wanaosafiri peke yao huulizwa zaidi, kwa hofu ya biashara haramu ya watu, kwa hiyo beba karatasi za chumba na tiketi ya kurudi, zilizochapwa. Msafiri ambaye sura yake na jinsia iliyoandikwa kwenye pasipoti haviendani apange saa moja ya ziada, aombe kupekuliwa chumba cha faragha, na homoni zake zikae kwenye pakiti ya dukani pamoja na barua ya daktari. Kwenye begi la mkononi, si la kupakia.

Ukifika, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Soketi za huko nyingi zina matundu matatu makubwa ya mviringo, na adapta za "dunia nzima" zinazouzwa mjini mara nyingi hazina hiyo. Ipo madukani huko kwa bei ya chakula cha mchana. Inunue kabla hujafika chumbani na simu ya asilimia nne. Uber na Bolt hufanya kazi kwa akaunti ile ile ya Nairobi. Usiku usitembee Long Street ukiwa umeshika simu, hata kama umbali ni mita mia mbili.

Siku ya gwaride, adui mkubwa ni upepo. Kusini-mashariki huvuma wakati wa joto kwa nguvu ya kukuondolea kofia, na bendera isiyofungwa kwenye kijiti kwa pini mbili huishia Atlantiki. Jua nalo halina huruma, na ngozi nyeusi huungua pia. Paka mafuta ya kujikinga kabla ya rangi ya uso, sio baada. Viatu viwe vile ulivyovivaa mwezi mzima. Kunywa maji, na pombe ibaki ndani ya kumbi, maana kunywa barabarani hakuruhusiwi.

Barabara ya umma ni ya umma. Waandishi wa habari wapo, wapita njia wana simu, na picha yako haihitaji ruhusa yako kwenda gazetini. Anayetaka kuwepo bila kutambulika ana njia kadhaa: miwani mikubwa, rangi inayovunja umbo la uso (mistari inayokatiza pua na shavu husaidia kuliko kupaka kopo zima la rangi moja), au kutembea katikati ya safu badala ya ukingoni, ambako kamera hulenga. Wapo wanaochagua kusimama kwenye kona ya mtaa kama watazamaji. Hakuna aibu, mtazamaji na mwandamanaji husikia ngoma ile ile. Ukijiunga na kundi la Waafrika wa Mashariki, na huwa lipo, kubalianeni mapema kwa maneno, si kwa kudhani: nani anapigwa picha, nani hapigwi, na hakuna anayerusha chochote mpaka wote wafike makwao. Bendera ya Kenya ni nzuri kuibeba, lakini kumbuka ndiyo itakayomfanya mpiga picha akufuate.

Utasikia pia lugha usiyoitegemea. Machotara wa Cape Town walibuni zamani msimbo wao uitwao Gayle, unaotumia majina ya wanawake kuficha maneno: Priscilla ni polisi, Dora ni kinywaji, Cilla ni sigara. Mtu wa Nairobi aliyekulia kwenye Sheng hahitaji kuelezwa kwa nini watu hutunga lugha ya namna hiyo.

Usiku una hesabu zake. Miadi ya kwenye programu za simu za kutafutana wapenzi ianze hadharani, kwenye baa yenye watu, na umtumie mwenzako picha ya wasifu wa huyo mtu na mahali mlipo. Glasi uliyoiacha mezani si yako tena. Anayetaka PrEP, vidonge vya kujikinga na HIV kabla ya ngono, aianzie Nairobi. Hutolewa kwenye vituo vingi vya afya vya serikali, na kipimo cha HIV hutangulia. Kwa wanaume wasiotumia homoni za estrojeni kuna utaratibu wa siku chache: vidonge viwili saa 2 hadi 24 kabla ya ngono, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, kingine saa 48. Wengine wote watumie ya kila siku, na waianze mapema. Kondomu ikipasuka na hukuwa na kinga, dawa za PEP, za kuzuia HIV baada ya tukio, huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Maana yake utazimalizia Nairobi, kwa hiyo omba dozi kamili na barua. Dharura: 10111 ni polisi, na 112 hupigwa kutoka simu yoyote ya mkononi.

Kuna mgeni anayerudi akisema Cape Town ni peponi. Aliishi De Waterkant siku tano. Kilomita kama 30 kutoka hapo ni Khayelitsha, ambako Zoliswa Nkonyana, binti wa miaka 19, aliuawa Februari 2006 kwa kuwa msagaji, na kesi yake iliburuzwa mpaka 2012 ndipo wanaume wanne wakafungwa. Ndiyo sababu wanaharakati wa huko wana gwaride lao ndani ya vitongoji, Khumbulani Pride, linalotembea kwa kuwakumbuka waliouawa. Ukialikwa na mwenyeji, nenda, naye akuchukue na kukurudisha. Usijipeleke kama mtalii.

Siku ya kurudi, amka mapema. Hamisha picha unazotaka kwenye hifadhi yenye namba ya siri, futa zilizobaki, kisha futa tena kwenye kapu la taka la simu, maana huko hukaa wiki kadhaa. Ondoa programu za kutafutana, akaunti haitapotea. Kata bangili za kuingilia kwenye sherehe. Fulana yenye maandishi makubwa igeuze ndani nje na uikunje katikati ya nguo nyingine.

Na ikitokea meseji ile ya kudai pesa? Usilipe. Anayelipwa elfu tano Jumatatu hurudi Ijumaa akitaka kumi. Piga picha za skrini zenye namba na tarehe, usijibu, usimzuie mpaka umehifadhi kila kitu. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai Kenya, vyovyote ulivyo, na unyanyasaji wa mtandaoni uko chini ya sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta. Lakini usiende kituoni peke yako ukiwa na hasira. Pitia kwanza kwa wakili. NGLHRC, shirika la Nairobi la kutetea haki za mashoga na wasagaji, ambalo lilipewa na Mahakama ya Juu haki ya kusajiliwa Februari 2023, hutoa msaada wa kisheria kwa kesi za aina hii.

Limebaki la glita, ule unga unaometameta wa kujipamba siku ya gwaride. Hujificha kwenye zipu ya begi, kwenye mshono wa kola, ndani ya soli ya raba, na haitoki kwa kukung'uta. Kabla hujapaki, pitisha utepe wa gundi kwenye zipu na mifuko yote, na raba zioshe kwa maji hotelini. Ukifika nyumbani, zile nguo za Jumamosi zifue mwenyewe, usiku huo huo, kwenye beseni lako. Ukiziacha kwenye kikapu hadi Alhamisi, mama fua ataiona kabla yako.